Chonge za Babu Makucha

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelianza kwa sababu leo nimenyamaza kutwa nzima, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri. Nilipofungua ukumbi mkubwa wa makumbusho nikakuta maji yanatiririka kutoka kwenye bati, yanatua kwenye uti wa mgongo wa Babu Makucha, yanashuka ubavu kwa ubavu hadi sakafuni. Ndoo nne hazikutosha.

Babu Makucha ndiye anayetulisha sisi sote pale kazini. Ni kiunzi cha mifupa ya mnyama aliyetoweka duniani kabla ya binadamu, mkubwa kuliko farasi. Amesimama kwa miguu miwili, mikono juu, makucha yamepinda kama mundu, na chonge mbili zimetokeza mdomoni. Shule huleta watoto waje kupiga kelele mbele yake. Aliyemuunga ni Mjomba, ndugu wa mama yangu, aliyenilea na kunifundisha kazi hii. Alimuunga miaka thelathini na moja iliyopita, na jina lake limechongwa kwenye kibao cha shaba chini ya mguu wa kulia.

Mkurugenzi alikuja na viatu vyake vya visigino, akaruka dimbwi, akatoa amri. Mifupa yote ishushwe, paa litengenezwe, na mvua zikiisha ukumbi ufunguliwe Babu akiwa amesimama vile vile. "Vile vile, fundi," akarudia, kana kwamba nina tabia ya kurudisha vitu kichwa chini miguu juu. Nikasema ndiyo, na sikusema kingine.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimeshusha mkia.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilikuwa na Cheche, mchomeleaji wetu, mtu mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Yeye anakata vyuma, mimi napokea mifupa. Kila mfupa una namba ya wino mweusi kwa mwandiko wa Mjomba, saba zake zina kijimstari katikati. Nimeshusha mifupa sitini na minne bila kuvunja hata mmoja, na ninajisifu humu kwa sababu Cheche hakunisifu.

Mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu anawaona kama vivuli. Lakini nikirudi nyumbani ananihoji mpaka chai inapoa.

"Namba kumi na saba umeishika kwa mikono miwili?"

"Miwili, Mjomba."

"Ilikataa kutoka?"

"Ilikataa kidogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kunywa maji."

Akacheka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha karakana. Mfupa usipokaa au usipotoka, weka chombo chini, nenda kanywe maji, rudi. Kuna siku nilikunywa vikombe tisa.

Jumatatu, 11 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilikuwa naosha fuvu. Chonge ya kushoto ikalainika, ikabaki kiganjani mwangu kama uji mzito. Plasta! Nikagusa ya kulia, nayo plasta, imepakwa rangi ya chai juu. Nikamulika taa mdomoni. Hakuna tundu la chonge kwenye taya, wala dalili kwamba limewahi kuwepo. Nyuma kuna magego mapana, yamesagika sawasawa. Nimeosha magego ya ng'ombe, ya swala, ya kifaru. Gego la mla majani nalijua hata nikifumba macho.

Babu Makucha, anayewaliza watoto wa watu miaka thelathini na moja, alikuwa anakula majani.

Kuna fundi mmoja aliyewahi kumshikia Mjomba kazi alipougua. Mvivu, mpenda sifa, alishakufa. Nimemlaumu yeye mchana kutwa, na nimefurahi sana kumlaumu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mafundi wa paa wamekuta popo darini, wakataka kuwachoma moshi, eti popo wananyonya damu. Nimewaambia hawa wanakula wadudu, na atakayewasha moshi ataanza kunichoma mimi. Mafundi wamehamia upande wa pili wa paa.

Jumatano, 13 Machi

Si yule mvivu.

Mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia, namba arobaini na saba, umepigwa tupa. Mikwaruzo iko sambamba, na mfupa umeliwa kiasi cha unene wa sarafu. Wa kushoto, hivyo hivyo. Usipoupunguza, mkono hauwezi kunyooka juu kama wa mnyama anayeshambulia. Na namba imeandikwa juu ya mikwaruzo. Wino umeingia ndani ya mifereji ya tupa, na saba ina kijimstari katikati.

Nimekunywa maji vikombe vitatu. Hayakunisaidia kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Nilijiapiza nitasubiri hadi Jumapili. Sikuweza.

"Mjomba, chonge za Babu ni plasta."

Akaendelea kutafuna. "Meno yalivunjika njiani. Kila fundi anajaza pengo."

"Hapakuwa na pengo. Umezibandika juu ya mfupa mzima."

"Una miaka mingapi kwenye hii kazi?"

"Ishirini na miwili."

"Ukifikisha thelathini tutaongea."

"Na arobaini na saba? Umeipiga tupa, Mjomba. Wino wako umo kwenye mikwaruzo."

Aliweka kijiko mezani, akakitafuta tena kwa vidole, asikipate. "Nimekulea," akasema. "Nimekufunza mpaka kushika brashi. Sikukulea uje kunipekua."

Nami nikasema nilichokuwa nacho moyoni. Nilimkumbusha alivyonifukuza karakana wiki nzima, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kosa la kupiga msasa mfupa wa swala. Nililia nikidhani nimeua mtu. "Kumbe mwenzangu ulikuwa umeshausimamisha uongo wako ukumbini, watu wanaupiga picha!"

Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani kwake. Sijutii niliyoyasema, nimejutia sauti niliyoyasema nayo.

Jumamosi, 16 Machi

Amekula chumbani.

Jumapili, 17 Machi

Amekula chumbani. Nimepika anachokipenda, sahani imerudi nusu.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwendea Mkurugenzi na fuvu ndani ya sanduku. Nimemwonyesha magego, taya, mfupa uliopigwa tupa. Nikamweleza nilichosoma vitabuni, kwamba huyu ni jamaa wa mbali wa farasi na kifaru, na wataalamu wenyewe walihangaika naye, kwa sababu kucha za namna hii na meno ya namna hii hakuna aliyetegemea kuvikuta kwa mnyama mmoja. Kucha zilikuwa za kuvuta matawi.

Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Fundi, nani ataacha shughuli zake aje kutazama mla majani?"

"Watu wanamtazama twiga."

"Twiga yuko hai." Akafunika sanduku kwa mkono wake mwenyewe. "Vile vile. Nilishasema."

Nimetoka nikimwita majina ambayo sitayaandika. Anapenda makofi, basi. Lakini mimi simrudishi Babu vile. Anifukuze kazi, mifupa nitakuwa nimeshaiacha mahali pake.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kubwa. Mjomba bado ananipita sebuleni kama kabati.

Jumanne, 26 Machi

Leo Cheche amenifanyia kazi ambayo maneno yangu yote hayakuifanya.

Nilimwomba tujaribu tu, mchangani, nyuma ya karakana, kabla mvua haijarudi. Tulitandaza mchanga, tukapanga mifupa ya miguu na mgongo kwa waya mwepesi, safari hii akiwa kwa miguu minne. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo ukateremka. Makucha yakawa yanazuia mguu kukanyaga. Nikavikunja vidole ndani, mnyama akakanyagia vifundo vya vidole, kucha zikajikunja kwa ndani, salama, haziliwi na ardhi. Kila kiungo kikaingia kwa mwenzake. Isipokuwa vifundo vile viwili vya mkono, ambavyo sasa vina nafasi tupu mahali tupa ilipopita.

Cheche aliuzunguka mchanga mara tatu, akachuchumaa, akavuta waya kwa kidole.

"Dada," akasema mwishowe, "unajua kule ukumbini nimekata nini? Kipande cha reli! Kimepita katikati ya mbavu kikaingia ukutani. Bila reli ile, anaanguka chali. Hapa nimetumia waya wa kuanikia nguo."

"Sasa?"

"Sasa huyu hakusimama vile hata siku moja maishani mwake. Aliteswa tu na sisi."

Nikamkimbilia Mkurugenzi. Alikuja na mwavuli, akatazama, akavua viatu asizame mchangani.

"Nitakujibu," akasema.

Alhamisi, 28 Machi

Mkurugenzi ameniita, ameufunga mlango, amenipa barua ya bodi nisome. Wageni wakipungua tena mwaka huu, ukumbi utageuzwa wa mikutano na mifupa itapelekwa stoo. Barua imekaa mezani kwake tangu mwezi wa kwanza. Hakumwambia mtu, ili tusifanye kazi tukiwa na hofu.

Nimeona haya. Yule niliyemwita majina alikuwa amebeba mzigo wetu sote peke yake.

"Nikienda bodi na maneno yako, watasema mpwa anagombana na mjomba wake," akasema. "Jina kwenye kibao ni lake. Akisema yeye mwenyewe kwamba alikosea, nitasimama naye na tutaona. Asiposema, fundi, Babu anarudi na reli yake. Una mpaka katikati ya Aprili."

Jumatatu, 1 Aprili

Nimebisha mlangoni kwake mara tatu. "Nimelala," anasema, saa nne asubuhi.

Alhamisi, 4 Aprili

Kama saa tano hivi, mvua ikinyesha, nilisikia pikipiki ya Cheche. Nyuma yake amekaa Mjomba, amefunikwa turubai mpaka kichwani.

"Nilikwenda kumsalimia," Cheche akasema, macho juu. "Nikamwambia mzee, kuna kitu kimesimama mchangani chenyewe. Akaniambia nitoe pikipiki."

Tulikuwa tumehamishia kila kitu ndani, kwenye meza ndefu. Nilimshika Mjomba mkono, akautoa. Akaanza mwenyewe, kutoka mkiani. Vidole vyake vilipita kila mfupa, na kila mfupa akautaja kwa namba, hakukosea hata mmoja. Alipofika kwenye vidole vilivyokunjwa akasimama. Akakunja vidole vyake mwenyewe, akaviweka mezani kando ya vile, akaviegemea kwa uzito wake wote. Akakaa hivyo, mzee wa miaka sabini na minne ameinama juu ya meza kama mnyama.

Kisha akagusa arobaini na saba. Kidole gumba kikapita kwenye mikwaruzo, kikarudi, kikapita tena.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi nilishamwandalia udhuru. Enzi zile vitabu vilikuwa vichache, nani angejua, mfupa ulifika umevunjika. Nilikuwa tayari kumsamehe kwa kutojua.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Siku ya pili ya kumuunga. Nilikunywa maji mpaka tumbo likaniuma, mfupa haukukaa. Ila mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ameshabandika matangazo mji mzima. Dubwana limesimama, meno nje. Wageni wanakuja Ijumaa. Ningeweza kumwambia. Nikachukua tupa." Alikuwa bado ameushika mfupa. "Halafu wakapiga makofi. Yale makofi ndiyo yaliyonimaliza. Wangenizomea ningesema siku ile ile. Kila mwaka nikawa najiambia mwaka ujao. Wewe ulipopiga msasa mfupa wa swala, nilipokufukuza, nilikuwa najifukuza mwenyewe."

Nikalia. Cheche naye alikuwa anatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

"Nilidhani utakuja kunishitaki nikiwa nimeshakufa," Mjomba akasema. "Umeharakisha." Hapo ndipo tulipocheka, wote watatu, kwa namna mbaya ya watu waliokuwa wanalia. Nikamshika mkono, na safari hii hakuutoa.

Jumatatu, 8 Aprili

Barua imeandikwa. Yeye alisema, mimi nikaandika, Mkurugenzi akasoma. Mkurugenzi alipendekeza tuweke maneno "kutokana na ujuzi mdogo wa wakati ule", ili bodi ipokee kwa urahisi na jina la mzee lisichafuke.

"Futa," Mjomba akasema. "Ujuzi ulikuwepo. Nilikuwa nao mkononi."

"Mzee, watakutoa kwenye kibao."

"Wanitoe. Lakini mpwa wangu asimuunge mnyama kwa uongo mwingine."

Mkurugenzi akanitazama mimi. Nikafuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Bodi imekubali, kwa shingo upande. Kama wageni hawatakuja, ukumbi ni wa mikutano. Mjomba atabaki kwenye kibao, pamoja na kosa lake.

Ijumaa, 19 Aprili

Mjomba amejaza vifundo vya mkono kwa nta mwenyewe, kwa kupapasa. Rangi yake ni ya bluu, makusudi, ili kila anayetazama aone mahali palipoguswa. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nikanywe maji.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua kidogo asubuhi. Fremu mpya imesimama. Cheche ameomba ile reli akafanye benchi.

Jumatatu, 29 Aprili

Jua. Nimefunga mfupa wa mwisho saa nane mchana. Mkurugenzi alimzunguka Babu, akasema anaonekana kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha akaniomba sentensi moja ya kuwaambia watu, moja tu, isiyo na jina la kitaalamu.

"Waambie alikuwa na kucha za kutisha na alizitumia kula majani."

Akairudia midomoni mara kadhaa akienda zake.

Jumamosi, 4 Mei

Tumefungua.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Pazia lilipoanguka hapakuwa na kelele. Jamaa mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ah, kumbe ng'ombe tu!" na watu wakaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto. Nilimtazama Mkurugenzi, akaenda mbele na sentensi yake. Wakanyamaza kidogo tu.

Mjomba akaniambia nimpeleke mbele. Akasimama kando ya Babu, mkono begani kwa mnyama, akasema hivi, nimeyakariri: "Mimi ndiye niliyewadanganya. Chonge nilizitengeneza kwa plasta, mikono nikaikata ili inyooke. Huyu hakuwa mkali. Mliokuja utotoni mkalia, mlilia kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Naomba radhi. Sasa nawaonyesha alivyotembea." Na akaanza kukunja vidole, akataka kuinama palepale sakafuni. Mimi na Cheche tukamkamata makwapani.

Mwalimu mmoja mnene, mwenye darasa lake pembeni, akasema, "Mzee usihangaike, niambie mimi nifanye." Akaweka mkoba chini, akakunja vidole, akainama kwa vifundo. Darasa zima likafuata. Kisha watu wazima, wale wenye magoti mazima. Yule wa ng'ombe naye nilimwona yuko chini, tai inafagia sakafu, anamuuliza mkewe kama vidole vyake viko sawa. Mjomba aliinamisha kichwa akisikiliza vifundo vikigonga saruji. "Wangapi?" akauliza. Nikamwambia siwezi kuwahesabu.

Mkurugenzi alikuwa amevua viatu.

Jumapili, 5 Mei

Nilidhani leo nitalala mchana. Baada ya chakula Mjomba alikaa sebuleni, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Lete lile daftari unaloniandika humo."

Nilishituka. "Nani amekuambia?"

"Nina mtoto wa jicho, si wa sikio. Kalamu inakwaruza mwezi wa tatu sasa. Lete. Babu hakuwa peke yake."

Nikakaa. Akaanza kutaja wanyama waliokaushwa wa vyumba vingine, bila kusita, kama mtu aliyeikariri orodha hiyo miaka mingi. Popo wa chumba cha pili, aliyemwekea tone la rangi nyekundu mdomoni. Kakakuona aliyemnyoosha ulimi ukawa mrefu mara mbili. Yule ndege mkubwa aliyetoweka, aliyemfanya mnene na mjinga kwa kumjaza majani makavu kupita kiasi, kwa sababu watu walitaka kumcheka. Bundi mwenye macho ya kioo ya saizi isiyo yake. Ikawa tisa kwa jumla, wengine nimewapangusa vumbi tangu nikiwa msichana, nikiwaogopa.

Nilingoja hasira ije kama ile ya mwezi wa tatu. Haikuja. Nilikuwa naandika haraka nisipitwe, na mkono ulianza kuuma.

"Fisi," akasema mwishoni.

"Fisi amefanyaje?"

"Aliletwa akiwa na uso wa mnyama aliyelala usingizi. Mpole kabisa. Nikamvuta midomo kwa waya, nikamtoa meno nje, nikamkunja mgongo aonekane mwizi." Alipangusa macho yake yasiyoona kwa nyuma ya mkono. "Wale wengine niliwakosea sura. Yule nilimsingizia mbele ya watu."

Nikamuuliza tuanze na nani.

"Wewe unadhani nani?" akasema, na mkono wake ukawa tayari unapapasa chini ya kiti, unatafuta viatu.